Nilivyozunguka Kondoa Kumtafuta Mke Aliyekuwa Mlali

Nyie wote mnaopita hapa kwangu Kikuyu, Dodoma, mnaniuliza mambo mawili. La kwanza, ule uwanja wa mbele ya jiko mbona mweupe, vyuma vimekwenda wapi. La pili, mimi Ndahani mbona siku hizi namwacha mtu anamaliza sentensi yake. Nimechoka kumweleza kila mtu peke yake, kila nikirudia inaongezeka kidogo, mwisho nitajikuta nimefika Misri. Kwa hiyo nimeiweka hapa kwa maandishi. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu nililiona kwa dirishani, basi msinisahihishe.

Kazi yangu mnaijua. Napanga magunia kwenye malori. Lori nililolipanga mimi, panzi akitaka kuingia inabidi aandike barua. Pengo nikiliona mkono unaniwasha. Sasa nyumbani mke wangu Perusi alikuwa na uwanja, hatua nane kwa sita, hauna kitu kabisa. Asubuhi anaufagia, anatandika mkeka, anaanika majani ya mlenda, jioni anakaa na wenzake. Mimi nikiutazama naona lori linaondoka nusu tupu. Nikaanza na matairi mawili. Yakafuata mengine. Ikaja injini isiyokuwa na mwenyewe, vikaja viti vya basi, pipa, mlango wa benki sijui niliutoa wapi. Viti vya basi vikazidi, nikavisogeza mpaka mlango wa jiko. Perusi akawa anaingia jikoni kwa ubavu kama kaa. Mimi nikiingia natoka bila vifungo vya shati, nikaacha kuingia.

Siku nilipoleta tenki la maji lililotoboka, ule mkeka ukakosa pa kukaa. Asubuhi yake Perusi alisimama mbele yangu na begi, akawa anasema maneno. Mimi nilikuwa juu ya tenki naeleza nitakavyoliziba, nitakavyoliuza, na mtu atakayelinunua atakavyonishukuru. Nilipofika kwenye shukrani nikateremka. Perusi hayupo.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, ndugu zangu. Simu nikipiga inaita, haipokelewi.

## Kikuyu mpaka barabara kuu

Nilikaa siku tatu nikijidai sijali. Chakula nilikula kwa mama lishe wa pale kona. Usingizi sikupata. Halafu nikagundua na jogoo wangu mwekundu hayupo, yule aliyekuwa akiwika vifaranga wanaanguliwa kwa hofu. Nikamwendea jirani yangu Masinga, maana jogoo alipenda kulala kwake. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, "Masinga, mke ameondoka kwa miguu yake, lakini jogoo hana begi. Amekwenda wapi?"

Masinga alinitazama tu. "Jirani," akasema, "leo nakuhurumia. Kesho sitakuhurumia."

Nikaona huyo ni mwizi mwenye adabu. Ndani ya nyumba nako kulikuwa na kaharufu fulani, nikasema panya amefia kwenye matairi, nitamtoa nikirudi. Nikafunga mlango nikaenda kupanda basi la Kondoa.

Kwa nini Kondoa? Kwa sababu Perusi akikasirika humtaja mama yake mdogo, Bi Zaina, aliyeolewa na Mrangi kule na kusilimu huko huko. "Ningekuwa kwa Bi Zaina nisingesumbuka hivi." Nimelisikia hilo mara elfu. Mtu akitaja mahali mara elfu, ndiko aliko. Nilijiona nina akili za kuuza.

## Chemba, basi lilipokata tamaa

Mwezi ulikuwa wa saba, ule upepo wetu wa Dodoma unaokausha mdomo mpaka ukitabasamu unapasuka. Kiti cha pembeni yangu alikaa dada mmoja wa Kihindi, wa umri wangu hivi, sweta, miwani, mkoba umevimba kama mbuzi mwenye mimba. Nikajiandaa kuongea Kiswahili cha polepole. Akanigeukia, "Mbukwa."

Nikaitikia salamu ya nyumbani kwetu huku nimeduwaa. Akasema anaitwa Hansa, amezaliwa Dodoma mjini, Kigogo amejifunza kwa kugombana na wauza ubuyu, na anauza dawa za mitishamba za kwao, elimu ya tiba ya mababu zake inayoitwa Ayurveda. Anakwenda Kondoa kufuata asali.

Nikaona hapa nimepata mtu. Nikaanza kumsimulia. Nilimsimulia kutoka Msalato mpaka Mayamaya, nikamsimulia Mayamaya mpaka tunaingia Chemba, na pale Chemba basi lenyewe likachoka. Kitu kikakatika chini, likalia kama ng'ombe, likalala. Dereva akatoka, akatazama, akavua kofia kama yuko msibani. Akasema kifaa kinatoka Dodoma, tuwe na subira.

Nikamwambia Hansa, "Tule. Mtu mwenye njaa hana subira." Pale kwa mama mmoja palikuwa na ugali na kuku. Mimi nililetewa mlima. Wapanda milima wa Ulaya wangeuona wangeomba kibali. Niliumaliza, nikaomba na wa kando. Hansa akala kidogo, akanywa maji ya moto, akaacha. Robo saa haijapita, tumbo langu likaanza kuhubiri. Likavimba, likawa gumu, pumzi haina njia.

Hansa akanitazama juu ya miwani. "Kaka, umeacha wapi nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya tumbo kufanya kazi. Kwetu tunaambiwa nusu ya tumbo chakula, robo maji, robo iliyobaki iache wazi. Mkeo akitwanga, kinu anakijaza mpaka mdomoni?"

"Akijaza mchi utatwanga nini?"

"Haya. Na wewe umejaza mpaka mdomoni, sasa mchi unakupiga mbavu."

Nikacheka kwa uchungu. Akatoa kwenye mkoba kichupa cha ajwain, vile vidude kama mbegu za binzari nyembamba, akanipa nitafune na maji ya moto. Huku natafuna akawa ananieleza. Mwili, anasema, na dunia yote, vimetokana na vitu vitano. Udongo, ndiyo nyama na mifupa. Maji, ndiyo damu na mate. Moto, ule unaopika chakula tumboni. Upepo, ndiyo pumzi. Na cha tano wanakiita akasha, uwazi. Yaani mahali patupu. Tundu la sikio, la pua, koo, ndani ya kifua, ndani ya tumbo. Tena kwa mababu zake hicho ndicho cha kwanza, vingine vinne vimekuja kukaa ndani yake.

"Dada Hansa," nikamwambia, "mimi sikusoma, lakini si mjinga. Kitu kisichokuwepo kinakuwaje cha kwanza?"

"Ukijenga nyumba unaanza na nini?"

"Msingi."

"Kabla ya msingi."

"Mawe."

"Kabla."

"Kiwanja."

"Kiwanja kikiwa na nini?"

"Kikiwa hakina kitu." Maneno yalishatoka, siwezi kuyarudisha.

"Asante," akasema, akafungua korosho.

Sikukubali kushindwa mbele ya abiria. Nikamwambia sisi tuna msemo, debe tupu haliachi kuvuma. Utupu ni kelele. Akasema, "Na ngoma je? Ngoma nayo ndani haina kitu. Ijaze mchanga uone kama itaita watu. Sauti inakaa kwenye uwazi, ndiyo maana kati ya milango yote ya fahamu, wa uwazi ni sikio. Sikio ni tundu. Likijaa husikii."

Abiria mmoja wa nyuma akadakia, "Na mdomo?"

"Mdomo nao ni tundu," Hansa akasema. "Huu wa kaka hapa ni bomba limepasuka, toka Msalato sijapata kuweka neno."

Wakacheka Chemba nzima, mpaka mbuzi. Nikamwuliza, na huo mkoba wako uliovimba, uwazi wake uko wapi? Akaukumbatia. "Hii ni biashara, usichanganye."

Lakini basi lilikaa saa sita pale, na saa sita ni nyingi. Nikajikuta namweleza habari za Perusi, uwanja, matairi, na usingizi uliokimbia. Nilidhani atasema pole. Akasema, "Uwazi nao ukizidi ni ugonjwa. Mtu analala macho wazi, anawayawaya kama jani. Wewe unavyo vyote viwili. Umejaa pasipotakiwa, na mtupu pasipotakiwa." Halafu akaongeza, "Mababu zetu walijenga nyumba na katikati wakaacha mahali wazi, hapawekwi hata mtungi. Pale ndipo nyumba inapovuta pumzi. Mkeo anaujua huo mpango, wala hakwenda India."

Nikainuka nikaenda kumsaidia dereva kutazama barabara. Kwa bahati kifaa kikafika.

## Kondoa, robo ya sahani

Tuliingia Kondoa siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini swala ya alasiri. Hansa akaenda kwenye asali yake, akaniacha na neno moja, "Robo, kaka. Usisahau robo."

Bi Zaina alinipokea vizuri. Nikampa shikamoo yake, akanikalisha mkekani, akaleta wali, nyama ya mbuzi, maziwa ya mgando. Sikuuliza habari za Perusi kwanza. Nilisema nikila vizuri nitaonekana mkwe mwenye heshima. Nikakumbuka robo. Nikala kwa kupima, nikachora mstari kwenye sahani kwa kidole, nikaacha robo kamili, nyama juu yake, nikanawa.

Bi Zaina akaitazama ile sahani kama ameona nyoka. "Baba, chakula kina nini?"

"Hakina kitu mama, kitamu sana. Nimeacha uwazi."

"Umeacha nini?"

"Uwazi. Ni dawa ya Kihindi."

Akawageukia wanawake wawili waliokuwa naye uani. "Jamani, nimempikia mwanamume, anasema anaacha dawa kwenye sahani yangu." Akainuka, akarudi na sahani ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, akakaa mbele yangu kunilinda. Niliimaliza yote. Baadaye sana ndiyo ikaniingia akilini kwamba robo huachwa tumboni. Kwenye sahani ni ufidhuli.

Nilipoweza kupumua nikauliza, "Perusi yuko ndani? Mwambie nimekuja."

"Perusi gani? Hajakanyaga hapa tangu Idi."

Moyo wangu uliruka ukagonga wali. Bi Zaina akachukua simu, akapiga. Perusi akapokea mlio wa kwanza, yule yule asiyepokea yangu. Wakaongea. Mimi naangalia mdomo wa Bi Zaina kama mpira wa penalti. Akamaliza, akaweka simu chini taratibu.

"Yuko Mlali, kwa kaka yake Lazaro. Na anasema alikuambia."

"Mimi?"

"Wewe. Anasema alisimama mbele yako, akakuambia nakwenda Mlali, na akakuambia na la pili. Wewe ulikuwa juu ya tenki unaongea."

Kutoka Kikuyu, Kondoa iko kaskazini na Mlali iko mashariki, huko Kongwa. Nilikuwa nimesafiri siku nzima, kwa bidii na nauli yangu, kumkimbia mke wangu.

Bi Zaina akanihurumia. "Nenda. Lakini unaijua desturi ya akina Lazaro."

Naijua. Kwa wakwe zangu, mume anayemfuata mke anakalishwa kigoda kifupi katikati ya ua. Hasemi. Anasemwa. Wakimaliza kumsema wanakaa kimya, na huo ukimya ndio kipimo chenyewe. Akiujaza kwa maneno kabla hajaulizwa, wanajua hakuna alichosikia, wanamwambia karibu tena mwakani. Mume wa mdogo wake Perusi, mtu mpole, mlinzi wa kanisa, mtu asiyesema hata akikanyagwa, alikishindwa kipimo hicho mara mbili.

"Sasa wewe," Bi Zaina akasema, akashindwa kumaliza kwa kicheko.

## Kibaigwa, kibarua cha bure

Kesho yake nikarudi Dodoma, nikapita Kikuyu kwa mbali kama mgeni, nikashika gari la Kibaigwa. Kibaigwa mwezi huo ni mahindi matupu. Magunia yamepangwa mpaka mawingu yanapita pembeni. Nikapata dereva wa lori anayeshusha mzigo kwenye ghala, akimaliza anarudi Mlali kuchukua mwingine. Akasema, "Panda, lakini mpaka hawa wamalize kushusha. Kwa mwendo wao, labda Krismasi."

Nikaingia ghalani kuwaharakisha. Walikuwa wapagazi wanne, wanaume wenye shingo kama za fahali, na wanachofanya sikuamini. Wanasukuma magunia mpaka yanagusa ukuta, wanabana safu na safu, hakuna hata upenyo wa mende.

Damu ikanichemka. "Nyie, mmejifunzia wapi? Kwenye lori unabana, mzigo unasafiri siku moja unashuka. Humu yanakaa. Acheni njia ukutani, acheni njia katikati. Mahindi yanapumua. Ukiyabana yanapata joto, yanachemka yenyewe kwa yenyewe, yanaota ukungu. Unafungua baada ya mwezi unakuta umehifadhi uozo. Kitu kinachokaa kinataka hewa pembeni yake, hata mtoto anajua."

Mkubwa wao akajifuta jasho. "Mzee anajua kazi."

"Miaka thelathini," nikasema, nikavimba.

"Kwako nyumbani lazima pamepangika."

Alisema kwa heshima tu, masikini. Nikabaki nimesimama na gunia begani. Nilisikia maneno yangu yote yanarudi, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani. Njia ukutani. Njia katikati. Kitu kinachokaa kinataka hewa. Mahindi ya watu nimeyapa njia ya kupumua miaka thelathini, mke wangu nimempa ubavu.

Tulipanga upya, tukaacha njia, tukamaliza. Nikapanda kule nyuma ya lori. Lori tupu lina kelele, linagonga, linapiga filimbi, kila bati linatoa ushahidi. Mimi nilikuwa kimya. Tulipopita Pandambili dereva akasimamisha, akatoa kichwa, "Mzee, uko salama? Nilidhani umeanguka."

## Mlali, kigoda kifupi

Lazaro ni kaka mkubwa wa Perusi. Mrefu, mkulima wa alizeti, anatafuna maneno kabla ya kuyatoa. Aliponiona hakushangaa. "Shemeji. Tulikutegemea Jumanne."

"Nilipitia..." nikaanza, nikafunga mdomo. Kusema nilipitia Kondoa kuja Mlali ni kama kusema nilipitia paa kuingia mlangoni.

Kigoda kikaletwa. Kile kigoda ukikaa magoti yanafika masikioni. Wakakaa Lazaro, mkewe, na wazee wawili wa ukoo. Perusi haonekani, ila nyuma ya nyumba nasikia mtu anatwanga.

Wakanisema. Lazaro alisema kidogo, mkewe akasema kingi. Alisema shemeji umemfanya dada yetu mzigo kwenye lori lako. Mzee mmoja akasema amesikia nyumbani kwangu kuna mlango wa benki, akauliza wenzake kama benki imefunguliwa. Kila neno nilikuwa na jibu lake tayari, zuri, lenye mfano na kichekesho. Yalinijaa mpaka shingoni kama ule ugali wa Chemba. Nikayameza.

Halafu wakanyamaza.

Ndugu zangu, nimebeba gunia la kilo mia ngazi juu. Nimesukuma lori lililokwama korongoni. Hakuna uzito niliowahi kubeba kama ule ukimya. Kivuli cha nyumba kilikuwa kwenye kidole changu cha mguu. Kikaja kwenye kifundo. Ulimi wangu ulikuwa unagonga meno kama mbwa anayetaka kutoka nje. Mbuzi mmoja akaja akanitazama, akapiga chafya, nikataka kumjibu.

Sasa kwa kuwa sina la kufanya, nikasikia. Nilisikia upepo kwenye makapi ya alizeti. Nikasikia kengele ya ng'ombe kule bondeni. Nikasikia ule mchi nyuma ya nyumba, mishindo mizito miwili, mwepesi mmoja, mizito miwili, mwepesi mmoja. Nikaujua. Perusi ujana wake alikuwa anapiga muheme, ile ngoma ya wanawake wetu wanaoibana katikati ya mapaja, na mimi nilimpenda kutokea upande wa pili wa uwanja kabla sijaona sura, kwa mkono ule ule. Miaka ishirini na sita anatwanga nyumbani kwangu, na mimi niko pale pale naongea juu yake.

Kivuli kilikuwa kimefika kwenye goti. Mchi ukanyamaza.

Perusi akatokea, mikono myeupe kwa unga. Hakunisalimia. Akamwuliza kaka yake, "Huyu anaumwa?"

"Hatujui," Lazaro akasema. "Amekaa hivyo tangu kivuli kiko chini."

"Hajasema kitu?"

"Hajasema."

Akaja karibu, akaniangalia macho kama mtu anayekagua mbuzi wa mnada. "Baba Eliza. Siku ile nilikuambia nini?"

Nimeulizwa, sasa naruhusiwa. Yale majibu yote yakasimama foleni. Nikayapita yote nikachukua lililokuwa nyuma kabisa.

"Sikusikia."

Mzee mmoja akakohoa. Perusi akapangusa unga mikononi. Nikamwacha amalize.

"Nilikuambia mawili," akasema. "La kwanza nilisema nakwenda Mlali. Hilo umelifikia, ingawa nasikia kwa kuzunguka dunia. La pili liko nyumbani. Katafute."

"Utarudi?"

"Uwanja wangu utanijibu."

Akarudi kwenye kinu chake. Lazaro akasema nikaribishwe chakula. Nikala, nikaacha robo, safari hii tumboni, sahani nikaiacha safi.

## Kurudi Kikuyu

Nilipofungua mlango ile harufu ilinipokea kama ndugu. Panya yule angekuwa na ukubwa wa punda. Lakini nikaanza na uwanja. Tenki liliondoka kwanza, mchana ule ule, likafuata pipa. Injini ilichukua watu sita na maombi. Matairi nilimpa fundi wa gereji bure, akaniuliza mara tatu kama nimeokoka. Mlango wa benki nimeupeleka kanisani, sasa unalinda sadaka. Nilipofika kwenye viti vya basi nikavitoa kimoja kimoja, mlango wa jiko ukafunguka wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaingia jikoni kwa kifua.

Harufu ilikuwa humo. Nyuma ya jiko la mkaa kulikuwa na sufuria nyeusi, imefunikwa, juu imewekwa jiwe ili paka asifunue. Nikaondoa jiwe. Sitawaelezea nilichoona, wengine mnasoma mnakula. Lakini pembeni ya sufuria ulikuwa umebanwa unyoya mmoja mwekundu.

Nilikaa chini palepale.

Perusi alikuwa na begi mkononi, ana hasira ya kunikata vipande, na bado alinichinjia jogoo. Ameingia jikoni kwa ubavu kumpika, akafunika, akaweka jiwe. Akaja mbele yangu akaniambia, nakwenda Mlali, na chakula nimekuachia jikoni. Mimi nikaenda kula kwa mama lishe siku tatu nzima nikilalamika sina mtu wa kunipikia.

Halafu nikamkumbuka Masinga.

Nilinunua jogoo, mweupe kama sharti linavyotaka kwa mtu wa kuomba radhi, nikaenda kwake mchana kweupe ili waliosikia tusi wasikie na radhi. Masinga akampokea, akamgeuzageuza. "Na huyu nikilala naye utasema nimeiba?"

"Sitasema kitu, jirani."

Akamwita mke wake aje asikie, maana alisema peke yake haamini. Huyo mke wa Masinga ndiye aliyechungulia ukutani, akaona uwanja umefagiwa, akapiga simu Mlali. Mimi sikujua.

Perusi alifika Jumamosi iliyofuata, Lazaro nyuma na kiroba cha unga. Hakuingia ndani. Alisimama ukingoni mwa uwanja, akauangalia kona kwa kona. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kizingiti kwa mikono yote miwili, nimejizuia.

"La pili umelikuta?" akauliza.

"Nimelikuta."

"Lilikuwaje?"

"Lilikuwa limechelewa."

Akacheka kidogo, puani tu, akatandika mkeka wake katikati, akafungua fundo la mlenda, akaanza kuuanika. Nikaenda kukaa pembeni, hatua tatu mbali, nikamsikiliza akieleza habari za Mlali. Ni ndefu. Mke wangu ana maneno mazuri sana, jamani, tena mchekeshaji. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia.

Basi ndiyo hivyo, mmejua. Mkija kukaa njooni na vigoda vyenu na mkiondoka muondoke navyo. Juzi nilitoka kazini na gunia tupu mkononi, moja tu, limekunjwa vizuri, nikawa nalitafutia mahali. Nikapita nalo ukingoni mwa uwanja. Perusi alinyanyua tu macho kutoka kwenye mlenda.

Nimeliweka chini ya mto. Linanichoma shingo, na nalala vizuri sana.